Mikeka ya Chama

Siku hizi watu wa semina wakija kijijini kwetu na kuuliza akina mama wa huku walianza lini kujikwamua, mimi hunyamaza. Hunyamaza kwa hasira, si kwa kutojua. Tulikuwa na chama kabla wao hawajaijua njia ya kufika Ruaruke, na chama kile hakikuzinduliwa na mgeni rasmi. Kilianzishwa na mama yangu mdogo, siku aliyogombana na mchuuzi wa mikeka.

Mama mdogo ndiye aliyenilea. Mama mzazi alifariki nikiwa mchanga, na mdogo wake akanichukua nikakua pamoja na mwanawe wa pekee, mvulana niliyemzidi umri kidogo tu. Mumewe alimpa talaka zamani, naye hakuolewa tena. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye maneno machache na karibu yote makali. Wakati wa habari hizi mimi nilikuwa nimeshaolewa hapo hapo kijijini, lakini nilishinda kwake zaidi kuliko kwangu, na mume wangu alikwisha kukata tamaa ya kunilalamikia.

Kwa asiyejua, mkeka wetu hausukwi mzima. Kwanza unachumwa ukindu, majani ya mkindu, kule mabondeni, penye maji na penye mamba. Unaanikwa, unachanwa, mwingine unachemshwa na rangi. Kisha unasukwa ukili, utepe mrefu wenye upana wa vidole vichache, na huo ndio unaopimwa kwa mikono, pima baada ya pima. Mwisho anakuja mshonaji na shazia, ile sindano kubwa ya chuma, anaunganisha ukili na ukili mpaka mkeka unatokea. Kusuka, kila mwanamke wa huku anajua. Kushona kwa kunyooka ni kwa wachache. Mama mdogo akishona, mkeka ulilala chini wote, pembe zake zimetulia. Mimi ukili wangu ulikuwa unakwenda upande, na aliwahi kuniambia mbele za watu kwamba ukili wangu umelewa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Duka la kijiji la sabuni ya mgawo lilifungwa, yakafunguliwa maduka ya watu yaliyojaa kila kitu, na sisi tukabaki tunaangalia. Vijana waliondoka mmoja mmoja kwenda Dar es Salaam kuuza soksi na vitana barabarani, mwana wa mama mdogo akiwa mmoja wao. Na wachuuzi wakaanza kuja, kwanza kwa baiskeli, baadaye kwa pikapu, wakinunua mikeka mlangoni kwa mtu.

Mlangoni ndiko tulikochinjwa. Mchuuzi anaijua nyumba yenye mgonjwa na nyumba iliyolala bila kupika. Anaingia na sukari kidogo ndani ya karatasi, anatoka na mkeka uliosukwa mwezi mzima. Akifika nyumba ya pili anasema, "Mwenzio kaniachia kwa bei hii, weye una nini cha zaidi?" Na wanaume wetu, Mungu awasamehe maana mimi bado, wakiuona mkeka umekwisha waliukunja, wakauuza, wakarudi wakatuambia riziki anaitoa Mola.

Siku hiyo mchuuzi alimwambia mama mdogo kwamba mkeka wake una doa. Haukuwa na doa. Mama mdogo aliuchukua kutoka mikononi mwake, akautandika uani juani, akamwambia amwonyeshe kwa kidole. Mchuuzi alicheka, akapanda baiskeli yake. Jioni ile mama mdogo alizunguka nyumba kwa nyumba, kila alipojua pana mwanamke anayesuka, na ujumbe wake ulikuwa mmoja: kuanzia leo hakuna kuuza mlangoni.

Hapo ndipo akili yake ilipoonekana. Aliagiza kila mtu alete ukili, si mkeka. Ukili wote uliwekwa pamoja, yeye na washonaji wengine wawili wakawa wanashona wakichanganya makusudi: huu wa fulani, huu wa mwenzake, huu wa yule wa kule kwenye minazi. Hapakuwa na mkeka hata mmoja uliotoka mikononi mwa mtu mmoja. Mume hakuweza kuuza mkeka wa mkewe kwa sababu mkewe hana mkeka. Mchuuzi hakuweza kutugawanya kwa sababu hapakuwa na cha kugawanya. "Mkeka wa chama hauna mwenyewe," alikuwa akisema, na sisi tukiitikia kama watoto wa chuo cha Kurani. Mikeka ilihifadhiwa chumbani kwake, mlango ukafungwa kwa kufuli.

Na chama kilitusaidia, mtu asije akaniambia vingine. Aliyejifungua tulimsukia sehemu yake mpaka arobaini ipite. Aliyekaa eda tulimpelekea ukindu ndani, akasuka na huzuni yake. Kulikuwa na mwenzetu ambaye mume alimwagia ukindu wake kisimani. Tulikwenda wote, tukakaa barazani kwa bwana yule tukisuka, hatukusema neno, tangu asubuhi mpaka jua linakaribia utosi, na yeye ndani anakohoa. Mwishowe alitokea mlango wa nyuma akaenda zake shamba. Tulicheka njia nzima. Siku zile tulicheka sana, nasema hivi kwa sababu ya yaliyofuata.

Sifa za mikeka yetu zilifika Kibiti, na kutoka Kibiti zikampata mnunuzi wa Dar es Salaam, bwana mmoja mpole mwenye viatu visivyoona vumbi, aliyesema anapeleka mikeka kwenye hoteli za wageni. Alinunua, akalipa vizuri, akaagiza mingine. Aliitaka ya kipimo kimoja na rangi moja, zambarau na nyeusi. Tulimwona kuwa neema. Alipomwamkia mama mdogo shikamoo, nilimwona mama mdogo akiyatazama macho yake kutafuta uongo na asiuone.

Sasa inabidi niseme habari ya maziko. Huku kwetu maiti hafukiwi bila mkeka. Akishalazwa ndani ya mwanandani, ule ubavu wa kaburi, na kuzibwa kwa mbao, mkeka hutandazwa juu ya mbao ili udongo usimwangukie. Na mkeka wa maziko hauuzwi. Ukifiwa, jirani mwenye mkeka mpya anautoa, haombwi. Kesho akifiwa yeye, unatoa wewe. Hivyo ndivyo tulivyowakuta wakubwa zetu wakifanya, na hakuna aliyewahi kukaa akawaza kwamba ipo siku mikeka mipya yote ya kijiji itakuwa nyuma ya kufuli moja.

Nayo ilikuwa miaka ya kufa. Vijana wetu walianza kurudi kutoka Dar wakiwa mifupa na ngozi. Ugonjwa wenyewe hatukuutaja. Tulisema amerudi na kifua, au wenzake wa biashara wamemchezea. Kisha mto ukafurika, mpunga ukaoza shambani, na homa ikaingia kwa watoto. Kila msiba ulipotokea, mtu alibisha kwa mama mdogo, naye alifungua kufuli akatoa mkeka. Mnunuzi alikuja akakuta mzigo pungufu. Alikuja tena, akakuta pungufu. Mara ya pili hakukasirika, na hilo ndilo lililotutisha. Alisema tu kwamba hoteli hazingoji, kwamba ataleta gari mara moja nyingine kabla ya Ramadhani, na mzigo usipotimia basi tusamehane.

Wakati huo mwana wa mama mdogo alikuwa amesharudi. Alishushwa kwenye lori pale barabarani, na mume wangu akamleta kwa baiskeli, amemfunga kiunoni kwa khanga asianguke. Kijana aliyekuwa akiruka mitaro ya Kariakoo na bidhaa shingoni! Zahanati ilisema apelekwe hospitali kubwa ya Dar. Kwa gari gani, na kwa fedha gani, hawakusema. Mama mdogo hakuwa na kitu isipokuwa sehemu yake katika ule mzigo. Kila mmoja wetu alilijua hilo. Alimlaza katika chumba cha pili, ukuta mmoja na mikeka.

Akaitisha mkutano. Alisimama katikati ya uani kwake, mikono nyuma.

"Mikeka ya chama haitoki tena kwa maziko," alisema. "Kila nyumba isuke mkeka wake, iuweke. Hatuwezi kuzika na kuuza mkeka ule ule. Tukimpoteza bwana huyu tunarudi kwa watu wa baiskeli, na wanaume wenu wanajua. Anayekubali anyooshe mkono."

Tulinyoosha. Hakuna aliyekataa, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Lakini mkeka wa nyumbani nani angeusuka? Mikono ile ile ilikuwa ikisuka zambarau na nyeusi mchana kutwa, na ukindu wenyewe mafuriko yalikuwa yameufunika. Tulisema tutasuka kesho.

Msiba wa kwanza baada ya sheria ile uliangukia nyumba ya jirani wa mama mdogo, mlango wa pili kutoka kwake. Alikuwa mwanachama mwenzetu, mwanamke mrefu mtaratibu, msukaji hodari kuliko sisi sote. Ukili wake ulikuwa mwembamba na umebana mpaka ungeweza kuutekea maji, ndivyo tulivyokuwa tukimtania. Mwanawe wa kike, wa umri wa kuanza kutumwa dukani, alishikwa na homa jioni na asubuhi hakuamka.

Mvua ilikuwa inanyesha. Mfiwa hatoki, lakini yeye alitoka mwenyewe, pekupeku, khanga imemgandamana mwilini. Alisimama chini ya upenu wa mama mdogo akasema, "Dada, naomba mkeka wa mwanangu."

Laiti mama mdogo angesema ndiyo, au angesema hapana, pale pale, peke yake, nadhani yote yangekuwa mengine. Lakini chama kilikuwa kimetuzoesha kwamba hakuna jambo la mtu mmoja. Kila kitu tulikiamua kwa kukaa: bei, rangi, hata mume wa kwenda kukalia barazani. Ilikuwa fahari yetu. Basi alisema, "Chama kikae." Na watu wakaitwa kwenye mvua, wakaja, wakakaa barazani kwa mama mdogo kwa duara kama kawaida, na mama wa maiti akakaa nasi, huku mtoto wake amelala nyumba ya pili amefunikwa khanga.

Nilisema atolewe mkeka. Nilisema kwa sauti ya juu, kwa sababu nilikuwa nimepandwa na hasira. Mama mdogo alinigeukia. "Weye kaa chini. Hapa hakuna mwana wa mwenyekiti." Nikakaa, si kwa kukubali. Nilikaa kwa sababu ndiye aliyenilea, na mkono wake bado niliuogopa.

Wengine walizungumza. Mmoja alisema huyu ni mtoto mdogo, mkeka wake ni kipande tu. Mwingine akasema kipande kinatoka wapi, mkeka ukikatwa haununuliwi. Mwingine akauliza, je, kesho akija mwenye mtu mzima? Walikuwa wakisema mambo ya maana. Hapakuwa na mtu mbaya pale barazani.

Jirani alisubiri wamalize. Kisha akasema, "Ukili wangu umo humo ndani. Mwingi kuliko wa mtu yeyote. Nipeni wangu."

"Umo," mama mdogo alimjibu. "Na wa wenzio umo. Nionyeshe mkeka ambao ni wako nikupe."

Alisema kweli. Hakuna aliyeweza kuuonyesha. Kufuli, kuchanganya ukili, yale yote tuliyoyafanya ili mume asituibie na mchuuzi asituchague, sasa yalikuwa yamemfungia mama huyu nje ya kazi ya mikono yake mwenyewe. Alitutazama mmoja mmoja. Akasimama, akajifunga khanga vizuri, akarudi kwake. Tulimsikia mwana wa mama mdogo akikohoa upande wa pili wa ukuta, na naapa kila aliyekuwapo aliwaza jambo lile lile.

Mtoto alizikwa kwa jamvi kuukuu la kuanikia mpunga, lililokuwa na tundu. Mume wangu alikuwa makaburini. Alisema walilikunja mara mbili ili tundu lizibe, na kwamba baba wa mtoto alikuwa akirudia kulipapasa pale penye tundu, akirudia, mpaka shehe akamshika mkono.

Jirani aliendelea na chama. Hilo lilinishangaza wakati ule, sasa halinishangazi, maana angekwenda wapi? Alileta ukili wake, umebana vile vile, akaupima, akaondoka. Tuliacha kumtania.

Mzigo ulitimia. Chumba cha mama mdogo kilijaa, mikeka imekunjwa na kusimamishwa ukutani mpaka dirisha likafunikwa, na nyumba nzima ikawa inanukia ukindu mpya. Gari halikuja. Mama mdogo alikuwa akishinda mlangoni kwa mgonjwa wake, akimlisha uji kwa kijiko, akimwambia, "Gari likija tu, mwanangu. Likishusha tu matairi hapo nje, mie na weye tunapanda." Yule kijana alikuwa akitabasamu. Alikuwa na meno makubwa kwa wakati ule, kwa sababu uso ulikuwa umekwisha. Mara moja aliniambia mimi, mama yake akiwa kisimani, "Dada, mwambieni asingoje gari kwa ajili yangu." Sikumwambia. Ningemwambiaje?

Alikufa alfajiri, adhana ikilia. Gari lilikuwa bado.

Nilifika nikamkuta mama mdogo amekaa sakafuni, hajalia. Wanawake walijaa uani. Wanaume walianza kuulizana habari za maji, sanda, mbao. Kisha mmoja wao akauliza habari ya mkeka. Mikeka ilikuwa pale, ukuta mmoja na maiti. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la khanga ya mama mdogo.

Sisi Wandengereko na Wamatumbi ni watani, na msibani mtani ana ruhusa ya kufanya na kusema yasiyosemeka. Tulikuwa na mtani wetu mmoja, mwanamke wa Kimatumbi mnene mwenye sauti ya kupigia kelele ndege wa shambani. Alipenya mpaka ndani, akamfungua mama mdogo pindo la khanga kama mwizi mchana, akafungua kufuli, akatoka na mkeka mmoja begani.

"Haya!" alipaza. "Mwenyekiti kala sheria yake mwenyewe! Mchumba wangu analala zambarau na nyeusi leo, halali chini, na nani atanizuia? Hoteli na iende ikalale na wageni wake!"

Watu walicheka, maana mtani akisema lazima mcheke, hata machozi yakiwa yanatoka. Nilimwomba Mungu moyoni mama mdogo anyamaze. Mtani alikuwa amemtengenezea njia. Angenyamaza tu, mkeka ungekwenda, lawama ingekuwa ya utani na utani hauna lawama.

Mama mdogo alicheka pia, kidogo. Kisha akasema, "Rudisha, mtani."

"Sirudishi."

"Rudisha. Nikiutoa leo, yule mwenzangu wa mlango wa pili nitamtazama kwa macho gani?"

Mtani aliushusha mkeka begani. Hakusema utani tena siku ile. Alikwenda mwenyewe nyuma ya nyumba, akarudi na mzigo wa ukindu ambao haujatiwa rangi, akaubwaga katikati ya uani, akakaa, akaanza kusuka. Na sisi tukakaa. Tulisuka ukili mpana wa haraka, usio na urembo, kila mmoja kipande chake, bila mtu kuambiwa. Sikuwahi kuona mikono ikienda vile. Jirani naye alikuja. Alikaa pembeni, akasuka kipande kirefu kuliko chetu, akakiweka juu ya vingine, akarudi kwake bila kumpa mtu mkono.

Na mshonaji alikuwa nani? Wale washonaji wengine walijitolea, akawakatalia. Aliomba shazia yake. Alikaa mlangoni mwa chumba cha mwanawe, na ndani wanaume wanamwosha, maji yanasikika yakimwagika, yeye anashona. Hapo ndipo alipolia, huku akishona, machozi yanadondokea ukindu, na hakuinua mkono kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Ukili wangu ulipomfikia, uliokwenda upande kama siku zote, alinitazama. "Umelewa," alisema. Akaushona. Mwanawe alipozikwa alasiri, alifunikwa kwa mkeka ule mweupe.

Ramadhani iliingia, ikaisha. Tulisali Idi. Mama mdogo alipanda lori la mkaa akaenda Kibiti kumuulizia mnunuzi. Nilikwenda naye. Pale stendi, kwenye mlango wa kila duka, kulikuwa kumetundikwa mikeka ya plastiki, ya maua, ya tausi, ya misikiti, rangi zinazoumiza macho. Muuza duka alikuwa kijana mchangamfu. Alitueleza kwamba inatoka nje, inafuliwa kwa maji tu, hailiwi na mende, na bei yake ni ndogo. Yule bwana wa Dar alimjua, maana bwana huyo mwenyewe ndiye aliyemletea mzigo huo. "Hii mali mpya mama, ya ukindu nani anaingoja siku hizi?" Mama mdogo aliushika mkeka mmoja, akaukunja pembe, akauachia. Pembe ilijirudi yenyewe, ikalala. Njiani kurudi nilimtukana yule bwana kimya kimya mpaka Ruaruke.

Chama hakikuvunjwa. Watu walipunguza kuja tu. Wachuuzi wa baiskeli walirudi, safari hii na bei ndogo zaidi, na mlangoni pakawa mlangoni tena. Mzigo wetu ukabaki chumbani umesimama ukutani, panya wakaanza kuutembelea. Mama mdogo aliwaita wenzake wagawane. Wachache walikuja. Wengine walisema hawajui upi ni wao.

Mwaka uliofuata mume wa jirani alikufa. Mama mdogo alipopata habari alifungua kufuli, akachagua. Nilimwona akikunjua mkeka mmoja, anaukagua, anauacha, anachukua mwingine, mpaka alipoupata usio na tundu la panya wala shaka. Aliupiga vumbi. Alijitwisha, akatoka, nami nyuma yake.

Jirani alikuwa amekaa chumbani na khanga nyeupe ya eda. Mama mdogo alisimama mlangoni, akasema pole, akasema, "Nimemletea mkeka. Ukili wako umo humu, nimeuona kwa macho yangu, huu umebana hivi ni wako."

Jirani hakukasirika. Alimtazama kwa utaratibu wake ule ule.

"Upelekeni hotelini."

"Mwenzangu, hata mwanangu sikumpa."

"Najua. Nilikuwapo." Akarekebisha khanga kichwani. "Mwanao mlimsukia, dada. Wangu mlimfanyia mkutano."

Mama mdogo aliushika mkeka kichwani kwa mikono miwili. Mwanamke yule niliyekuwa nikimwogopa maisha yangu yote alisimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Nje, kaka wa jirani alikuwa amefika kutoka Dar na mkeka wa plastiki bado umo ndani ya nailoni yake, wa maua mekundu. Wanaume waliichana ile nailoni, wakauweka mkeka juu ya jeneza, wakalinyanyua. Njia ya kutokea uani ni nyembamba. Mama mdogo akasogea pembeni kuwapisha, mkeka wetu ukiwa bado kichwani.